Kompyuta imezimwa, feni bado inavuma

Usiku steshenari za Dodoma zinapofunga, kuna namna ya kuzima kompyuta ambayo hakuna mwalimu aliyeifundisha. Mhudumu anabofya "Shut down", kioo kinakuwa cheusi, lakini sipiyu chini ya meza inaendelea kuvuma na taa yake inawaka. Anangoja kidogo, anabonyeza kitufe cha mbele, anangoja tena, mwisho anainama na kuzima soketi ukutani. Asubuhi akiwasha soketi, kompyuta inajiwasha yenyewe kabla hajaigusa. Sasa ana matatizo mawili.

Fundi akiitwa, jibu la kwanza huwa lile lile: tupige Windows mpya. Kuna wakati linasaidia. Lakini mara nyingi mteja analipa, mashine inalala kwa fundi, na ikirudi inafanya vile vile, maana kompyuta isiyozimika ina vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa nje tu. Kabla ya kumlipa mtu, ni vizuri kujua kinachotokea ndani ya boksi lile unapoliambia lizime.

Kitufe hakikati umeme

Kompyuta za mezani za zamani, zile za mpaka katikati ya miaka ya 1990, zilikuwa na swichi ya kweli. Waya mnene ulitoka kwenye pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi, hadi mbele yake, ukibonyeza unakata umeme wa ukutani moja kwa moja, kama swichi ya taa ya sebuleni. Ndiyo maana Windows 95 ilikuwa na ule ukurasa wa maandishi ya rangi ya chungwa uliokuambia sasa ni salama kuzima: Windows ilikuwa imemaliza kazi yake, iliyobaki ilikuwa ya kidole chako.

Mwaka 1995 Intel ilitoa muundo wa ATX, na hapo mambo yakabadilika. Kitufe cha mbele kikawa na nyaya mbili nyembamba tu zinazoingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote. Hakibebi tena zile volti 230 za ukutani. Ukikibonyeza, nyaya hizo zinagusana kwa muda mfupi na mazabodi inapata taarifa kwamba kuna mtu amebonyeza. Nini kifuate, inaamua mazabodi yenyewe, au Windows kama imeshawaka.

Ili mazabodi isikie kitufe wakati kila kitu kimezimwa, lazima iwe na umeme kidogo. Kwa hiyo ndani ya pawa saplai ya ATX kuna sehemu mbili. Moja ni kubwa, inayolisha prosesa, diski na feni. Nyingine ni ndogo, inatoa volti 5 kwenye waya wa zambarau, na haizimiki kamwe maadamu soketi imewashwa. Ni mlinzi wa duka: milango imefungwa, taa za ndani zimezimwa, yeye yuko kibarazani macho, akisubiri mtu wa kugonga.

Waya wa pili wa kuujua ni wa kijani. Mazabodi ikiushusha karibu na sifuri, ile sehemu kubwa inawaka. Ikiuachia, inazima. Yote tunayoyaita kuzima kompyuta yanaishia kwenye kuachiwa kwa waya huo mmoja.

Ila kabla ya kufika hapo, agizo lako limepita mikono mingi. Windows inaziambia programu zijifunge, kisha huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Inahakikisha yaliyo kwenye kumbukumbu yameandikwa kwenye diski, inaziambia draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha kila kifaa, ziandae vifaa vyao, na mwisho inaiambia mazabodi iingie hali iitwayo S5. Lugha wanayotumia Windows na mazabodi kuelewana juu ya jambo hili inaitwa ACPI. Ilitolewa Desemba 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, na ndiyo iliyozipa majina hali zote: S0 kompyuta inafanya kazi, S3 imesinzia, S4 imehifadhi kila kitu kwenye diski na kulala fofofo, S5 imezimwa lakini mlinzi yuko macho. Kukata umeme kabisa ukutani kuna jina lake peke yake, G3.

Basi swali la kujiuliza si "kwa nini haizimi" tu. Ni agizo limeishia kwa nani: kwenye programu, kwenye Windows, kwenye draiva, kwenye mazabodi, au kwenye pawa saplai.

Na kwanza hakikisha kuna tatizo. Kibodi yenye taa ikibaki inang'aa baada ya kuzima, au taa ndogo ya kijani ikipepesa pale kebo ya mtandao inapoingia, au simu ikiendelea kuchaji kwenye tundu la USB, hakuna kilichoharibika. Hizo ni zile volti 5 za waya wa zambarau. Ukizichukia, ingia BIOS, ile programu ya mazabodi inayowaka kabla ya Windows, utafute mpangilio unaoitwa ErP au Deep Sleep, uuwashe. ErP imetokana na kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo tangu 2013 zinataka kifaa kilichozimwa kisile zaidi ya nusu wati. Alama ya kosa la kweli ni feni. Feni ikizunguka, sehemu kubwa ya pawa saplai bado inafanya kazi.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye Luku. Tuseme mashine isiyozimika inakula wati 50, kiasi cha kawaida kwa kompyuta ya mezani iliyokaa bila kazi. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi ni saa 14, sawa na uniti 0.7 kwa usiku mmoja. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 18 na ushee, kwa kompyuta moja tu ambayo hakuna anayeitumia. Iliyozimika sawasawa, ikiwa inakula wati 1, haitafikisha hata nusu uniti kwa muda huo huo.

Kipimo cha kuanzia

Watu wengi wanaanza na Windows. Mimi ningeanza na BIOS, kwa sababu ndani ya BIOS Windows haipo na haiwezi kulaumiwa. Washa kompyuta, bonyeza F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, au Delete kwa mazabodi nyingi za kuunganisha mwenyewe. Ukishaona ukurasa wa mipangilio, bonyeza kitufe cha mbele mara moja na kuachia. Kwenye mashine nyingi itazima papo hapo, feni na kila kitu.

Ikizima hapo, umejifunza jambo kubwa bila kufungua skrubu hata moja. Kitufe kizima, nyaya zake nzima, mazabodi inajua kuuachia ule waya wa kijani, na pawa saplai inatii. Kosa liko upande wa Windows na draiva zake. Isipozima, shikilia kitufe kwa zaidi ya sekunde 4. Huko ni kulazimisha: mazabodi inatakiwa kuzima bila kumuuliza yeyote. Ikigoma hata hapo, sahau kupiga Windows, kwa sababu Windows haihusiki kabisa. Ruka hadi sehemu ya mwisho.

Mwenye fleshi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ana kipimo kingine kizuri. Iwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi, bila kuinstoli chochote, kisha uizime ukiwa huko. Ubuntu ikizima vizuri na Windows ikashindwa kwenye mashine ile ile, mjadala wa vifaa umekwisha.

Windows inaposema imezima

Kama kioo kimeganda kwenye maneno "Shutting down" na viduara vinazunguka, agizo bado liko mwanzoni mwa safari. Kuna programu au huduma haijajibu, au kuna apudeti inaandikwa. Hapa ushauri wangu ni kusubiri, hasa kama taa ya diski inapepesa. Kompyuta yenye diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchukua muda mrefu kumalizia apudeti, na huenda ikajiwasha tena mara moja katikati kabla ya kuzima moja kwa moja. Huko kujiwasha ni sehemu ya kazi. Ukikata umeme pale, unaweza kuamka na Windows isiyowaka kabisa.

Jambo ni jingine kama kioo kimeshakuwa cheusi, monita inasema haipati picha, na feni zinaendelea. Windows imemaliza upande wake, au inaamini imemaliza, na agizo limekwama kati ya draiva na mazabodi. Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kitu kinachoitwa "fast startup".

Kilikuja na Windows 8 mwaka 2012 na kiko kwenye Windows 10 na 11. Ukibofya "Shut down", Windows inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti yako, lakini moyo wake wenyewe pamoja na draiva haufungi. Inaupiga picha na kuuhifadhi kwenye faili la hiberfil.sys ndani ya diski C, ili kesho iusome pale badala ya kuanza upya. Kwa maneno mengine, umeiambia kompyuta izime, nayo imefanya kitu kilicho karibu zaidi na S4. Draiva zote zinatakiwa kukilalisha kifaa chao kwa utaratibu, na ikitokea draiva moja iliyoandikwa ovyo, au ya zamani kuliko Windows iliyopigwa juu yake, inagoma palepale na kompyuta nzima inabaki inaisubiri kwenye giza.

Jambo linalochanganya watu ni kwamba "Restart" haipiti njia hiyo. Inafunga kila kitu na kuanza upya. Kwa hiyo unaweza kuwa na mashine inayorestati bila shida na kushindwa kuzima, ukadhani ina mapepo.

Unaweza kuthibitisha hili kwa macho yako. Fungua Task Manager, nenda kwenye Performance, tazama CPU, halafu tafuta maneno "Up time". Ukiona siku sita wakati unajua jana jioni uliizima, basi moyo wa Windows haujawahi kuzimwa kwa siku sita. Umekuwa ukilala na kuamka tu.

Ili kujua kama hapo ndipo penye kosa, zima kwa njia inayoikwepa. Shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi wakati unabofya "Shut down", au fungua Command Prompt uandike shutdown /s /t 0 na kubonyeza Enter. Zote mbili zinazima kikamilifu. Ikizima hivyo na ikashindwa kwa njia ya kawaida, umempata mhusika. Nenda Control Panel, Power Options, kisha "Choose what the power buttons do", bofya "Change settings that are currently unavailable", na uondoe tiki kwenye "Turn on fast startup". Wengine wanapendelea kuandika powercfg /h off, ambayo inafuta hata lile faili la hiberfil.sys na kurudisha nafasi kwenye diski. Kwa mashine yenye SSD, diski mpya isiyozunguka, hutaona tofauti ya maana wakati wa kuwasha. Kwa yenye diski ya kuzunguka utaiona, lakini kati ya kuchelewa kuwaka asubuhi na kuunguza umeme usiku kucha, uamuzi ni rahisi.

Kama hata kuzima kikamilifu kunashindikana, tazama draiva. Ya kuanza nayo, kwenye mashine zenye prosesa za Intel, ni ile ya Management Engine Interface. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, watumiaji wengi duniani walikutana na tatizo hili hasa, kioo cheusi na feni inayozunguka, na wengi walilitatua kwa kubadilisha toleo la draiva hiyo. Baada yake, tazama draiva za chipseti, za kadi ya picha na za mtandao. Zichukue kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta, kwa modeli yako kamili, na uachane na zile programu za bure zinazoahidi kuapudeti kila draiva kwa mbofyo mmoja. Zinaleta zaidi ya ulichoomba.

BIOS nayo ina matoleo mapya, na baadhi yake hurekebisha ACPI. Ila usithubutu kuiapudeti bila UPS yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo, unaweza kubaki na mazabodi isiyowaka, na hapo kompyuta isiyozimika itakuwa imepata tatizo kinyume chake.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka kwenye Windows. Kuna kompyuta ambayo ukiizima inawaka upya, na mtu anaapa kwamba alibofya "Shut down" na si "Restart". Huenda anasema kweli. Draiva ikivunjika wakati wa kuzima, Windows inatoa ule ukurasa wa buluu, na kwa kawaida imepangwa ijirestati ikiuona, haraka kiasi kwamba hupati nafasi ya kuusoma. Kwenye System Properties, chini ya Advanced, ndani ya "Startup and Recovery", ondoa tiki kwenye "Automatically restart". Ukurasa utasimama, utaweza kuupiga picha kwa simu na kumwonyesha fundi. Jina la faili lililoandikwa pale mara nyingi linamtaja mkosaji.

Na fundi akikuonyesha kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, mstari wa Kernel-Power namba 41 kama uthibitisho kwamba pawa saplai imekufa, muulize maswali zaidi. Mstari huo unasema tu kwamba safari iliyopita kompyuta haikufungwa vizuri. Kila usiku unaozima kwa soketi, unaandika mstari huo wewe mwenyewe.

Inayojiwasha asubuhi

Tumrudie kidogo mhudumu wa steshenari na tatizo lake la pili. BIOS ina mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Dell wanauita "AC Recovery", HP wanauita "After Power Loss". Chaguo ni tatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi katika hali iliyokuwa nayo. Likiwekwa hilo la tatu na wewe ukakata soketi wakati feni inazunguka, mazabodi inakumbuka kwamba ilikuwa inafanya kazi. Umeme ukirudi inawaka, kama ilivyoagizwa. Kwa mashine inayotoa huduma usiku kucha mpangilio huo una maana. Kwa ya steshenari, weka ibaki imezimwa, hasa ukizingatia kwamba umeme unaorudi baada ya kukatika unaweza kuja na mshtuko, na kompyuta inayojiwasha sekunde ile ile inaupokea wote.

Umebadilisha na kesho yake mpangilio umerudi ulivyokuwa, na saa ya kompyuta inaonyesha mwaka wa zamani sana? Betri ya mazabodi imekwisha. Ni ile ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS pale umeme wa ukutani unapokosekana. Soketi ikiwa imewashwa, volti 5 za mlinzi ndizo zinazofanya kazi hiyo na betri inapumzika. Soketi ikizimwa kila usiku, betri ndiyo inayobeba mzigo, na inaisha mapema zaidi. Saa ikiwa imepotea, tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyao vya usalama si halali, na mtu ataanza kulaumu bando.

Sisemi usizime soketi. Kwa mazingira yetu naona ni tabia nzuri, kwa sababu ile sehemu ndogo ya pawa saplai iko hewani saa 24 na ndiyo inayopigwa umeme ukipanda na kushuka usiku. Muhimu ni utaratibu: zima kompyuta, subiri feni isimame, ndipo uende kwenye soketi. Kukata umeme diski ikiwa inaandika ndiyo njia fupi ya kupoteza mafaili ya wateja.

Kujiwasha kuna sababu nyingine ndogo ndogo. Kwenye ofisi zenye mtandao mkubwa, ziwe za Mji wa Serikali kule Mtumba au za Chuo Kikuu cha Dodoma, mhusika wa TEHAMA anaweza kuiwasha kompyuta kutoka mbali kwa ujumbe maalumu wa mtandao: baiti 6 za FF zikifuatiwa na anwani ya kadi ya mtandao iliyorudiwa mara 16. Kadi inayosikia ujumbe huo inaiamsha mazabodi. Ukitaka isiamshwe, zima "Wake on LAN" kwenye BIOS, lakini zungumza nao kwanza. BIOS nyingine zina saa ya kuwasha kila siku, na mashine zilizotumika ofisini Ulaya huja na saa hiyo ikiwa bado imewekwa na mwenyewe wa zamani.

Halafu kuna wale ambao kompyuta yao haijazimwa hata kidogo, imesinzia tu. Wanabonyeza kitufe cha mbele, na Windows imepangwa kukitafsiri kitufe hicho kama "Sleep". Meza ikitikisika, mausi inasogea, kompyuta inaamka. Ukiandika powercfg /lastwake utaambiwa ni kifaa gani kimeiamsha mara ya mwisho, na powercfg /devicequery wake_armed itakuorodheshea vyote vyenye ruhusa ya kufanya hivyo. Orodha huwa ndefu kuliko unavyotarajia.

Agizo likifika na pawa saplai ikagoma

Tumebaki na ile isiyozima hata kwa kushikilia kitufe. Anza na vitu vya bure. Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi: printa, modemu, fleshi, hasa kigawanyo cha USB chenye adapta yake ya umeme. Vifaa vyenye umeme wao vinaweza kuurudisha kinyumenyume kupitia kebo ya USB, na wakati mwingine hata monita hufanya hivyo kupitia HDMI. Mazabodi iliyozimwa inabaki na umeme wa wizi, taa zinawaka nusunusu, na mantiki yake inachanganyikiwa.

Kisha zima soketi, chomoa waya wa umeme nyuma ya sipiyu, na ubonyeze kitufe cha mbele kwa sekunde kumi au zaidi. Umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vijisehemu vinavyotunza umeme, unaisha. Rudisha waya, jaribu tena. Mashine iliyoganda katika hali ya ajabu baada ya umeme kuyumba mara nyingine inapona kwa hilo peke yake.

Isipopona, fungua ubavu wa boksi. Kwa Dodoma, hasa miezi ile ya kiangazi upepo unapovuma na vumbi jekundu likaingia hadi kabatini, usishangae utakachokiona. Puliza vumbi, lakini shikilia feni zisizunguke wakati unapuliza, na gusa bati la boksi kabla ya kugusa mazabodi, maana hewa yetu kavu inajaza mwili umeme tuli ambao chipu ndogo haiuvumilii. Kitufe chenyewe kichunguze kama kinarudi vizuri. Kilichojaa vumbi kinaweza kukwama ndani, na mazabodi inadhani kuna mtu bado amebonyeza, au kinagusa mara mbili kwa mbonyezo mmoja: wa kwanza unazima, wa pili unawasha. Kujua ni rahisi. Chomoa ile plagi ndogo ya kitufe kwenye mazabodi, kisha uizime kompyuta ukiwa ndani ya Windows. Ikizima na kubaki imezimwa, badilisha kitufe, au tumia kile cha kurestati kwa kuhamisha nyaya. Vinafanya kazi kwa namna ile ile.

Tazama pia kapasita, zile silinda ndogo zilizosimama kwenye mazabodi. Kichwa kinatakiwa kuwa bapa. Kilichovimba au chenye ukungu wa kahawia juu yake kimekufa. Mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilisumbuliwa sana na kapasita mbovu, na ndani ya pawa saplai zile za upande wa volti 5 huchoka mapema kwa sababu hazipumziki. Zikichoka, ule umeme wa mlinzi unayumba, na mazabodi inayoutegemea inashindwa kushika uamuzi wowote, wa kuwasha wala wa kuzima.

Kuipima pawa saplai ya ATX ya kawaida kunahitaji kuichomoa kutoka kwenye mazabodi. Ukiipa umeme ikiwa peke yake, haitakiwi kuwaka, kwa sababu hakuna anayeushusha waya wa kijani. Feni yake ikizunguka hapo hapo, imekwisha, ibadilishwe. Ikitulia, na ikawaka tu pale fundi anapounganisha kijani na cheusi kwa kipande cha waya, basi inatii, na macho yarudi kwenye mazabodi. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake kubwa zinabeba volti zaidi ya 300 na zinaweza kukaa nazo hata baada ya kuchomolewa.

Kipimo hicho cha kijani na cheusi hakifai kwa kila mashine. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa hapa mjini ni za ofisini, na hizo zina njia zao. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 za Dell zina plagi ya pini 8 badala ya 24, na baadhi ya EliteDesk za HP zina ya pini 6. Pawa saplai za namna hiyo nyingi zinatoa volti 12 peke yake, kwa hiyo waya wa zambarau wa volti 5 usiutafute, haupo. Ukinunua pawa saplai ya kawaida kwa ajili yake, utahitaji adapta iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo, na kwa yale maboksi membamba haitaingia hata ukiisukuma. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe lebo, idadi ya pini na matundu ya skrubu, na uombe iwashwe na kuzimwa kwenye mashine yako kabla hujatoa hela.